Kambale Azama Kituku

Faki aliposoma jina langu kwenye karatasi ya kazi
alicheka mpaka akashika ukingo wa pantoni.
Kwao Pemba kambale ni samaki wa matopeni, mwenye masharubu;
kwetu ni mtoto wa pili wa kiume, basi.
Nikamwuliza: sasa utanifundisha kuzama
au utanikaanga?

Alikuja Goma na mitungi minne ya hewa
kukagua mabomba ya gesi,
na usiku, tukila sambaza pale Kituku,
alinitandikia bahari yake mezani:
matumbawe yenye matawi kama pembe za swala,
kasa wanaopita bila haraka, kama wenye nyumba,
pweza anayegeuza rangi, kwa aibu au kwa hila,
taa aliyejifukia mchangani, macho tu nje,
papa potwe mkubwa kuliko lori la Butembo, asiyeuma.
"Na huku kwenu," akauliza, "chini kuna nini?"

Nikahesabu. Sambaza. Ngege. Furu. Kaa.
Na mimi.
Vidole vya mkono mmoja vikatosha.

Kabla ya kunishusha mara ya kwanza alinishika bega:
ziwa hili liko juu ya milima,
jedwali la baharini litakudanganya;
ukipanda kwa pupa damu itatoa povu
kama soda iliyotikiswa na mtoto.
Panda polepole kuliko viputo vyako vidogo.
Na usifike kule maji yanakokuwa mazito,
huko hakuna hata mdudu, ni gesi imelala,
na aliyelala usimwamshe,
ukimwamsha utalala wewe.

Tukashuka. Mita tatu, kijani.
Mita saba, lava ya mwaka ule,
iliyoingia ziwani ikipiga kelele,
sasa imenyamaza, mikunjo juu ya mikunjo,
kama kitenge kilichoanguka kutoka kambani.
Nilikuwa na miaka tisa ilipopita kwetu.
Nikapitisha kidole kwenye jiwe.
Labda ni jikoni.

Mita kumi na moja: chukudu,
mpini umesimama, gurudumu moja hewani,
hewani nasema, kwa mazoea,
na ndani ya mpira wake kaa watatu
wamegawana vyumba.
Faki aliizunguka mara mbili na tochi yake,
kisha akaunganisha gumba na kidole cha shahada:
safi.

Alirudi kwao. Aliniachia mtungi mmoja
na miwani yenye ufa.
Tangu hapo simu hulia, wala si kwa habari ya samaki.
Injini ya masuwa imedumbukia.
Pirogi imepinduka na magunia ya maharagwe.
Mtoto.

Alhamisi ile alikuwa wa Nzigire, muuza makala.
Nilipapasa mkunjo kwa mkunjo, kama mtu
anayetafuta sarafu kwenye nguo za marehemu,
nikakuta kiatu kimoja, cha buluu,
na juu yake furu jike, mashavu yamefura.
Nilimsogelea na mwanga. Akafunua mdomo kidogo,
vitoto vikachungulia, macho matupu,
akavimeza tena bila kuvimeza.
Nikazima tochi.
Sijui nilikaa gizani muda gani;
sindano ya mtungi ndiyo iliyojua.

Nikapanda, polepole kuliko viputo.
Nzigire alikuwa ndani ya maji mpaka magotini,
kitenge kikavu mikononi, kimefunuliwa tayari.
"Umeona nini?"
Nikampa kiatu.
Habari ya furu sikuisema.

Faki bado ananitumia picha za kasa.
Jana ameandika: lini utakuja uione bahari yenyewe?
Nimemjibu: kesho nashuka tena,
upande wa magharibi, penye chukudu.
Kiatu cha pili bado.